Farah Aden: Muungwana wa Ngong Aliyefunikwa na Sinema

Ukisimama Kitengela siku ya anga safi, ukaelekeza uso wako magharibi, utaviona vilima vya Ngong. Kote huko ni Kajiado, nchi ya Wamaasai. Karibu na vilima hivyo, ng'ambo ya mto Mbagathi, aliishi Msomali mmoja, Mwislamu, ambaye ulimwengu mzima umemwona bila ya kumjua. Jina lake Farah Aden.

Walio wengi wamemwona katika sinema ya Out of Africa, iliyotoka mwaka 1985 ikapata tuzo 7 za Oscar. Humo Farah ni mtu wa kilemba, asimamaye nyuma ya bibi wa Kizungu akingojea amri. Niliitazama tena hapo Kitengela pamoja na vijana wa jamaa zangu, nao wakataka kujua kama mtu yule alikuwa na mke, na kama alikuwa na kwao. Sinema haikuwashibisha. Basi na tuwasimulie sisi.

Farah alikuwa wa kabila la Habr Yunis. Mapema mwaka 1914 alikwenda Aden kumpokea Karen Dinesen wa Denmark, mchumba wa tajiri wake, Bror Blixen wa Sweden. Arusi ilifanyika Mombasa mwezi wa Januari. Tangu hapo hata mwaka 1931, Farah ndiye aliyekuwa nguzo ya shamba lao la kahawa. Fedha za matumizi alishika yeye, watumishi aliwasimamia yeye, na ushauri ulitoka kwake. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, bibi huyo aliongoza magari ya kukokotwa na ng'ombe kupeleka vyakula katika nchi ya Wamaasai, na Farah alikuwa naye.

Naye alikuwa na nyumba yake. Alimwoa Fathima, binti wa Kisomali, aliyekuja shambani pamoja na jamaa zake wa kike, wakakaa kwa sitara na heshima. Akazaliwa mwana, Saufe. Farah alikuwa mtu wa dini, mwenye kujua cheo chake. Serikali ya siku hizo iliwapanga watu kwa rangi zao, na sheria ya mwaka 1919 iliwatoa baidhi ya Wasomali katika hesabu ya wenyeji. Kwa hivyo Msomali hakuwa wa huku wala wa kule.

Sasa tazama sinema ilivyofanya. Mapenzi ya bibi Karen na Denys Finch Hatton yamepambwa kwa muziki na kurushwa angani kwa ndege. Lakini yumo pia Mariammo, mwanamke wa Kisomali anayechezwa na Iman, ambaye Mzungu Berkeley Cole anaishi naye kwa siri. Mapenzi ya Mzungu na Mzungu yamepewa mbuga nzima. Ya Mzungu na Mswafi wa Kisomali yamefungiwa chumbani. Almuradi, Msomali mwanamume hana nyumba, na Msomali mwanamke hana walii. Hiyo ndiyo dhulma, wala haifutwi na uzuri wa picha.

Haki isemwe: Karen mwenyewe, ambaye marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliukemea vikali uandishi wake, alikitoa kitabu cha mwisho cha kumbukumbu zake za Kenya mwaka 1960, na sura ya kwanza akaipa jina la Farah. Hata hivyo alimwandika kama mtumishi, kwa jicho la bwana.

Mwaka 1931 shamba lilipofilisika, sinema inamwacha Farah katika stesheni ya Nairobi. Farah wa kweli alipanda treni ile ya Mombasa. Alifariki wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

Watalii hupanda Ngong kulizuru kaburi la Finch Hatton, aliyekufa kwa ajali ya ndege Voi mwaka huo wa 1931. Apandaye huko na amkumbuke na Farah: mume wa Fathima, baba wa Saufe, muungwana katika watu wake. Mola amrehemu.