Daktari Lawrence na Ugonjwa wa Kisukari

Robert Daniel Lawrence alizaliwa mwaka 1892 katika mji wa Aberdeen, nchi ya Uskoti. Alipokwisha kujifunza elimu ya uganga, alipata kazi katika hospitali ya King's College, mjini London.

Siku moja ya mwaka 1920 alikuwa akijizoeza kupasua mfupa wa maiti kwa patasi. Kibanzi cha mfupa kikaruka, kikamwingia jichoni, na jicho likafanya usaha. Katika kumtibu, madaktari wakagundua ya kuwa ana kisukari. Siku zile ugonjwa huo haukuwa na dawa. Kijana aliyeupata alishikwa na kiu isiyokwisha, akakojoa mara nyingi, akakonda, mwisho akafa. Kupunguziwa chakula kulimwongezea siku chache tu.

Lawrence hakutaka watu wa kwao wamwone akifa. Akaenda Florence, nchi ya Italia, akawa anawatibu wengine huku akingojea mauti yake.

Kumbe huko Toronto, nchi ya Kanada, Banting na wenzake walikuwa wameipata insulini. Hicho ni kitu kitokacho katika kongosho, nacho huiwezesha sukari iliyo katika damu kuutia mwili nguvu. Mwaka 1923 rafiki yake Harrison akampelekea habari kwamba dawa imefika London nayo inafaa, basi arudi upesi. Lawrence alikuwa dhaifu sana, lakini akafunga safari. Tarehe 31 Mei alidungwa sindano ya kwanza, na nguvu zikaanza kumrudia.

Tangu hapo hakuuficha ugonjwa wake. Mwaka 1925 alitoa kitabu cha kuwafundisha madaktari na wagonjwa pamoja jinsi ya kupima chakula na kutumia insulini. Mwaka 1934 yeye na mwandishi H. G. Wells, aliyekuwa na kisukari pia, walianzisha chama cha wagonjwa wa kisukari, ili wasaidiane na watu wote waufahamu ugonjwa huo.

Hata hivyo, kisukari si ugonjwa wa namna moja. Daktari Himsworth alikwisha kuonyesha hayo mwaka 1936. Mwaka 1951 Lawrence na mwenzake Bornstein walipima damu za wagonjwa, wakaona ya kuwa vijana waliokonda hawakuwa na insulini, bali watu wazima wanene walikuwa nayo. Siku hizi namna hizo huitwa aina ya kwanza na aina ya pili. Mgonjwa wa aina ya kwanza akikosa insulini hufa. Wengi wa aina ya pili huweza kutunzwa kwa chakula na dawa nyingine. Kwa hiyo ni lazima daktari ajue ni aina gani anayoitibu.

Lawrence alifariki mwaka 1968. Mtu aliyekwenda Florence kungojea kifo aliishi miaka 45 baada ya sindano ile ya kwanza, na miaka hiyo aliitumia kuwafundisha wenziwe kuishi.