Kantorovich, bingwa wa hesabu za mzigo na mtaji

Mfanyabiashara anayenunua mazao Kikagate, mpakani mwa Uganda na Tanzania, na kuyauza Mbarara hujiuliza mambo mawili: apakie nini, na akope kiasi gani. Njia ya kujibu maswali ya aina hiyo kwa hesabu ilitolewa mwaka 1939 na mwanahisabati wa Urusi ya Kisovieti, Leonid Kantorovich.

Kantorovich alizaliwa St Petersburg mwaka 1912. Aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 14, na akiwa na miaka 22 tayari alikuwa profesa.

Mwaka 1938 wazalishaji wa plaiwudi walimletea tatizo. Walikuwa na mashine tofauti na magogo ya aina tofauti, na kila mashine ilikuwa na kasi yake kwa kila aina ya gogo. Gogo lipi liende mashine ipi? Aligundua kuwa kugawa ardhi kwa mazao, kukata vyuma na kupanga usafiri ni tatizo hilohilo: lengo ni moja, vizuizi ni vingi. Hesabu hizo leo huitwa programu mstari.

Chukua mfano. Lori linabeba tani 7 na mtaji ni shilingi milioni 10 za Uganda. Tani ya maharage inanunuliwa kwa milioni 2 na kuleta faida ya 300,000. Tani ya mahindi inanunuliwa kwa milioni 1 na kuleta faida ya 200,000. Maharage peke yake yatamaliza mtaji kwenye tani 5, faida 1,500,000. Mahindi peke yake yatajaza lori, faida 1,400,000. Lakini tani 3 za maharage na 4 za mahindi zinamaliza vyote viwili, faida 1,700,000.

Hesabu hiyo pia inaonyesha thamani ya kila kilicho adimu. Mtaji ukiongezeka milioni 1, faida inapanda kwa 100,000. Mkopeshaji akitaka riba zaidi ya hapo kwa safari moja, mkopo huo ni hasara.

Jambo hilo ndilo lililomweka Kantorovich hatarini. Kitabu chake cha 1942 kilionyesha kuwa mashine na ardhi vina bei yake, wakati itikadi ya serikali ilisema thamani hutokana na kazi ya mtu tu. Enzi za Stalin, mawazo kama hayo yaliweza kumfikisha mtu gerezani. Kitabu hakikuchapishwa hadi 1959.

Huko Marekani, George Dantzig alifikia hesabu hizo mwaka 1947 bila kujua kazi yake. Mwaka 1975 Kantorovich alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Alifariki Moscow mwaka 1986.

Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ambalo limekuwa likihudumia wakimbizi wa Nakivale, wilaya hiyohiyo ya Isingiro, hutumia hesabu za aina hii kuchagua vyakula vya mgao, mahali pa kuvinunua na njia ya kuvisafirisha. Mwaka 2021 kazi hiyo ililipatia tuzo ya Franz Edelman. Kwa mfanyabiashara mwenye lori moja, kalamu na karatasi zinatosha.