Pretorius, Mkulima wa Kando ya Rufiji

Kila mtu aliyepata kusafiri kwa mashua katika midomo ya mto Rufiji anajua jinsi mahali pale palivyo pagumu kwa mgeni. Mto ukiisha kuteremka toka Utete, hugawanyika ukawa mikondo mingi kama vidole vya mkono, na kila mkondo huingia baharini kwa njia yake. Mikoko imesimama kila upande, nayo yafanana, hata mgeni hawezi kuutambua mkondo huu na ule. Maji yakijaa, mashua hupita juu ya matope. Yakipwa, mashua hiyohiyo hukwama. Lakini wenyeji hawapotei. Hulima mpunga katika ardhi ya mafuriko, hukaa katika madungu ili kulinda mashamba yao na ndege na nguruwe, huvua samaki, na zamani walikata boriti ambazo majahazi yalizichukua hata Arabuni. Habari hizi ni za mgeni mmoja aliyekuja kulima kando ya mto huu, akayajua maji yake na mapori yake karibu kama wenyeji wenyewe.

Jina lake lilikuwa Philip Jacobus Pretorius. Alizaliwa yapata mwaka wa 1877 katika nchi ya Transvaal, Afrika ya Kusini. Jamaa zake walikuwa Makaburu, yaani Wazungu ambao wazee wao walianza kufika Rasi ya Kusini katika mwaka wa 1652 kutoka Uholanzi. Baada ya mwaka wa 1835 wengi wao walichoshwa na serikali ya Waingereza iliyotawala pale Rasini. Wakapakia mali zao na watoto wao katika magari ya ng'ombe, wakaenda bara kutafuta nchi nyingine. Nchi ile haikuwa tupu. Ilikuwa na wenyewe. Mahali pengi Makaburu waliitwaa kwa bunduki. Mkubwa mmoja wao alikuwa Andries Pretorius, ambaye mwaka wa 1838 alipigana na Wazulu kando ya mto Ncome akawashinda. Mwanawe, Marthinus, aliujenga mji wa Pretoria katika mwaka wa 1855, akauita kwa jina la baba yake. Philip alikuwa mtu wa ukoo huohuo. Katika jamaa za namna ile mtoto alijifunza mambo matatu tangu utotoni: kutunza ng'ombe, kupiga bunduki, na kutoogopa kuhama.

Pretorius alipokuwa bado kijana aliiacha nyumba ya baba yake, akafuata njia ya kaskazini pamoja na magari ya ng'ombe yaliyochukua mizigo. Baadaye akavuka mto Zambezi. Huko mbung'o huua ng'ombe, na gari halifai kitu. Basi mtu hana budi kwenda kwa miguu. Akaenda kwa miguu miaka mingi, akiwinda tembo na kuuza pembe zao. Alilala porini, akaugua homa mara nyingi, akajifunza lugha za watu aliokaa nao. Jua na homa ziliibadili ngozi yake, hata akivaa kanzu na kilemba aliweza kudhaniwa kuwa Mwarabu. Mwishowe akaingia katika nchi iliyoitwa wakati ule Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, ambayo sasa ni Tanzania bara.

Hata mwindaji huchoka na kuhamahama. Pretorius alipata shamba karibu na mto Rufiji, akataka kukaa kama walivyokaa wazee wake. Ardhi ya bonde lile ni nzuri sana. Mto ukifurika huacha udongo mweusi wenye rutuba, na maji yakiisha kupungua wenyeji hupanda mahindi na mazao mengine katika unyevu uliobaki. Lakini ilikuwa nchi yenye huzuni pia. Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba kwa ujira mdogo mno, na katika mwaka wa 1905 vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Matumbi, kusini ya mto. Watu wengi waliuawa kwa risasi, na wengi zaidi wakafa kwa njaa kwa sababu mashamba yalichomwa.

Basi msiba wa kunyang'anywa ulimpata Pretorius naye. Kadiri alivyosimulia mwenyewe baadaye, serikali ya Wajerumani ililitwaa shamba lake, wala haikumlipa haki yake. Hasira ikamwingia. Akaazimu kujilipa mwenyewe kwa njia isiyo halali: akawa mwizi wa pembe. Akaingia kwa siri katika nchi ya Wajerumani, akaua tembo bila ruhusa, kisha akavuka mto Ruvuma akaingia Msumbiji, nchi ya Wareno, ambako askari wa Kijerumani hawakuweza kumfuata. Akafanya hivyo miaka kadhaa. Wakubwa wa serikali labda walifikiri wamejiondolea mkulima mmoja tu. Hawakuikumbuka methali ya watu wa pwani, kwamba mwenye kovu usidhani kapoa.

Mwezi wa Agosti 1914 Vita Kuu vya Kwanza vilianza. Pretorius alikuwa porini upande wa Ruvuma, naye hakuwa na habari. Askari wa Wajerumani wakamvamia, akapigwa risasi miguuni. Kwa taabu kubwa, na kwa msaada wa Waafrika waliomhurumia, alifaulu kuvuka mpaka. Akasafiri hata Nyasa, na kutoka huko akarudi kwao Transvaal ili apone.

Wakati alipokuwa akiuguza majeraha yake, mambo makubwa yalitokea katika mto wake wa zamani. Wajerumani walikuwa na manowari iliyoitwa Königsberg, na nahodha wake alikuwa Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo ilikuja Unguja alfajiri, ikaizamisha manowari ya Waingereza iliyoitwa Pegasus, iliyokuwa ikitengenezwa mitambo yake bandarini. Halafu mitambo ya Königsberg yenyewe ikaharibika, ikaingia katika midomo ya Rufiji kujificha karibu na Salale. Vyombo vilivyoharibika vikatolewa, vikakokotwa na watu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, na vikarudishwa kwa njia hiyohiyo. Mamia ya watu walivuta chuma kile kizito katika mchanga na matope, na ng'ambo ya vijito, kwa ajili ya vita visivyowahusu.

Mwisho wa Oktoba 1914 Waingereza waligundua kwamba Königsberg imo mtoni. Lakini kujua kwamba samaki yumo majini si kumvua. Manowari zao kubwa zilihitaji maji ya kina kirefu, wala hazikuweza kuingia katika mikondo ile. Wajerumani walikuwa wamechimba mahandaki kandokando na kuweka bunduki. Königsberg ilifunikwa kwa matawi, nayo ilihama toka mahali hata mahali. Waingereza walizamisha meli moja ya makaa ndani ya mkondo ili kuziba njia, lakini mikondo ni mingi. Ukiziba huu, umeuacha ule. Ndipo Amiri Herbert King-Hall, mkubwa wa manowari za Waingereza upande wa Rasi, alipoambiwa kwamba yuko mtu mmoja Transvaal aliyeishi kando ya Rufiji. Akamwita.

Fikirini neno hili. Kati ya mwaka wa 1899 na 1902 Waingereza walikuwa wamepigana na Makaburu, wakayachoma maelfu ya mashamba yao. Katika mwaka huohuo wa 1914 Makaburu wengine waliinuka kupigana na serikali ya Afrika ya Kusini kwa kuwa hawakutaka kuwasaidia Waingereza. Pretorius alikuwa na sababu ya kukataa. Lakini aliona kwamba deni la shamba lake la Rufiji ni jipya zaidi. Akakubali.

Mwanzo wa mwaka wa 1915 akapelekwa Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekwisha kukitwaa. Kutoka Mafia alivuka usiku mpaka bara, pamoja na watu wachache waliozijua njia za mikoko. Mchana walijificha, usiku wakatembea. Aliulizia habari vijijini, na kwa msaada wa wenyeji akafika mahali alipoweza kuiona Königsberg kwa macho yake mwenyewe, imefunikwa kwa majani kama kichaka.

Lakini kuiona haikutosha. Amiri alitaka kujua ni mkondo gani ungeweza kupitisha chombo cha vita, una maji kiasi gani, na yanajaa na kupwa saa zipi. Hii ndiyo kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote, maana haikuhitaji ushujaa wa siku moja, ila subira ya majuma mengi. Usiku baada ya usiku Pretorius alikaa katika mtumbwi, akapima kina cha maji toka mahali hata mahali, huku walinzi wa Kijerumani wakiwa karibu. Mbu walimuuma, na mamba na viboko walikuwa majini. Kwa upimaji wake ikajulikana njia ambayo chombo chenye kuhitaji maji haba kingeweza kupita.

Waingereza walikuwa na vyombo viwili vya namna hiyo, Severn na Mersey, vilivyoundwa kwanza kwa ajili ya mito ya Brazil. Vilihitaji kina cha futi sita hivi tu, lakini vilikuwa na mizinga mikubwa. Vikavutwa kutoka Malta mpaka Mafia. Tarehe 6 Julai 1915 vikaingia kwa mkondo wa kaskazini, ule wa Kikunya, na ndege zikaruka juu kutazama risasi zinakoanguka. Siku ile havikufaulu, na Mersey ikapigwa. Tarehe 11 Julai vikarudi. Safari hii risasi zikaipata Königsberg ikawaka moto, na nahodha Looff, aliyejeruhiwa, akaamuru mabaharia wake waiharibu kabisa. Hivyo manowari ile ikafa matopeni, mbali na bahari yake. Wajerumani waliitoa mizinga yake 10, wakaitumia vitani nchi kavu. Mmoja katika mizinga hiyo uliwekwa Mombasa penye Ngome ya Yesu, na mwingine Pretoria. Gofu la meli lilionekana mtoni miaka mingi, mpaka matope yalipolimeza.

Katika mwaka wa 1916 Jenerali Smuts alikuja kuongoza majeshi ya Waingereza, akamfanya Pretorius kuwa mkubwa wa wapelelezi wake. Mara nyingi alitangulia mbele ya jeshi siku nyingi, akirudisha habari. Mwezi wa Januari 1917 jeshi lilifika Rufiji, na Pretorius akauona tena mto wake. Lakini haukuwa mto ule alioujua. Majeshi yote mawili yalikuwa yamekula vyakula vya watu. Wanaume walitwaliwa kuwa wapagazi, na wapagazi wakafa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, wengi wao kwa njaa na magonjwa. Mashamba ya bonde, ambayo hapo kwanza yalilisha watu wengi, yalikosa wa kuyalima. Wapiganapo tembo wawili, nyasi ndizo huumia.

Vita vilipokwisha, Pretorius alipewa cheo cha meja na nishani za heshima, akarudi Afrika ya Kusini. Huko aliitwa kufanya kazi nyingine, ambayo watu wengi hawaikumbuki kwa furaha. Upande wa Addo wakulima walilalamika kwamba tembo wanawaharibia mashamba na maji yao, na serikali ikamwajiri awaue. Katika miaka ya 1919 na 1920 aliua zaidi ya 100. Tembo waliosalia walikuwa wachache mno, hata katika mwaka wa 1931 serikali iliwafanyia hifadhi ili wasiishe kabisa. Wakati ule walikuwa 11 tu. Chini ya ulinzi ule wakaongezeka tena wakawa mamia. Pretorius alikufa mwaka wa 1945, na kitabu cha maisha yake, kiitwacho Jungle Man, kilitokea mwaka wa 1947.

Basi tumhesabu mtu huyu kuwa nani? Alikuwa hodari na mvumilivu. Hilo hakuna awezaye kumkatalia. Lakini hakuwa mtu asiye na lawama. Aliiba pembe katika nchi isiyo yake, na wazee wake walitwaa ardhi ya watu wengine kama yeye alivyotwaliwa yake. Yafaa pia kukumbuka kwamba hakuujua mto kwa akili yake peke yake. Waliomficha, waliomwongoza na kumwambia habari za vijiji walikuwa wenyeji, ambao vitabu vya vita husema habari zao kwa maneno machache tu. Bila wao Pretorius angepotea katika mikoko kama mgeni yeyote.

Midomo ya Rufiji sasa imo katika Wilaya ya Kibiti. Mpunga hupandwa penye udongo ulioletwa na mafuriko, na mashua hungoja maji yajae kama zilivyongoja zamani. Manowari kubwa, iliyogharimu mali nyingi, imelala chini ya matope hayo. Walioitafuta walikuwa na manowari kubwa nyingi na ndege. Lakini njia ya kuifikia ilionyeshwa na mkulima mmoja aliyenyang'anywa shamba, naye aliongozwa na wavuvi na wakulima wa mtoni. Mwenye nguvu akitwaa shamba la mnyonge hudhani kwamba shauri limekwisha siku ile. Kumbe ameacha mbegu udongoni, wala hajui itaota lini.