Demosthenes, Msemaji wa Athens

Katika mji wa Athens, nchi ya Uyunani, ambayo sasa twaiita Ugiriki, alizaliwa Demosthenes mwaka 384 kabla ya kuzaliwa kwake Kristo. Baba yake alikuwa tajiri, mwenye kiwanda cha kufulia panga. Akafa mtoto alipokuwa na umri wa miaka 7, akaiacha mali yake mikononi mwa mawasii watatu. Watu hao wakaila mali ya yatima, hata alipokuwa mtu mzima akakuta imebaki sehemu ndogo tu.

Sheria ya Athens ilimtaka mwenye daawa aseme kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya waamuzi. Wala hakusema muda apendao. Maji yalichuruzika kutoka mtungini, nayo yakiisha, hana neno tena. Basi kwa kijana huyu kujua kusema hakukuwa pambo, bali ndiyo njia ya kupata haki yake. Akajifunza kwa mwalimu Isaeus, na alipopata miaka 20 hivi akawashtaki mawasii wake. Akashinda, ijapokuwa mali aliyorudishiwa ilikuwa chache.

Kisha akathubutu kusimama mbele ya mkutano mkuu wa wenyeji, penye maelfu ya watu, na huko aliaibika. Sauti yake ilikuwa dhaifu na pumzi yake fupi, hata maneno yakakatika kabla ya maana kutimia. Na herufi r ilimshinda kuitamka, kama inavyowashinda wengi katika sisi wanaoichanganya na l. Watu wakamcheka.

Akarudi nyumbani hali amejifunika kichwa. Satyrus, mchezaji wa michezo ya kuigiza, aliyefahamiana naye, akamfuata, akasikia malalamiko yake, ya kuwa yeye afanyaye bidii kupita wote hasikilizwi, na mabaharia walevi husikilizwa. Satyrus hakumbishia. Alimtaka aseme kwa moyo beti chache za Euripides au za Sophocles. Naye alipokwisha, Satyrus akazisema beti zizo hizo, kwa sauti na uso unaomfaa mtu anayetajwa humo. Demosthenes akastaajabu. Maneno yalikuwa yale yale, lakini alikuwa kama hajapata kuyasikia kamwe. Ndipo alipotambua kwamba siku zote alitengeneza maneno, asijali namna ya kuyatoa.

Akajifanyia chumba chini ya ardhi, akawa akishuka humo kila siku kuizoeza sauti. Pengine alikaa miezi miwili au mitatu, akanyoa upande mmoja wa kichwa, ili aone haya kutoka nje. Alitia vijiwe kinywani akasema navyo mpaka matamshi yakanyoka; alisema huku akipanda vilima, pumzi zirefuke; alijitazama katika kioo kikubwa. Habari ya vijiwe yaonekana kuwa hadithi tu, lakini Plutarch, aliyeandika maisha yake miaka 400 hivi baadaye, asema imetoka kwa Demetrius wa Phalerum, aliyeisikia kwa Demosthenes mwenyewe katika uzee wake.

Sauti hiyo ikapata kazi. Philip, mfalme wa Makedonia, alikuwa akiitwaa miji ya Wayunani mmoja mmoja, na wenyeji wa Athens walipenda raha. Tangu mwaka 351 Demosthenes aliwaonya tena na tena, nao wakakawia. Mwaka 338 wakashindwa vitani huko Chaeronea. Demosthenes alikuwamo jeshini, akakimbia pamoja na wengine, na adui zake hawakuacha kumsimanga. Hata hivyo, alipotakiwa mtu wa kuwasifu waliouawa siku ya maziko yao, wananchi walimchagua yeye.

Mwaka 322 Wamakedonia waliushika mji, naye akakimbilia hekaluni katika kisiwa cha Calauria. Askari walipomfikia alimeza sumu, mwisho ambao Mkristo hauigi. Baada ya miaka 40 na zaidi watu wa Athens walimsimamishia sanamu ya shaba sokoni mwao. Fundi hakumwonyesha akipaza sauti wala akinyosha mkono. Alimfanya amesimama kimya, vidole vya mikono yake vimefungamana.