Mtakatifu Vincent de Paul, Baba wa Wasio na Makao

Katika kitabu hiki mnasoma habari za waliojenga kanisa letu, hesabu za ubatizo na za ndoa, na kazi ya makatekista wa kwanza. Ni haki kuyakumbuka hayo yote. Lakini nyumba ya Mungu haipimwi kwa matofali tu. Hupimwa pia kwa mlango wake, na kwa wale wanaoketi karibu na mlango huo kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Kwa hiyo tumeona vema kuandika hapa maisha ya padri mmoja aliyeutazama mlango huo kwa muda wa miaka zaidi ya 40, na ambaye Eklezya imemweka kuwa msimamizi wa matendo yote ya mapendo.

Mtoto wa mkulima aliyeona haya

Vincent de Paul alizaliwa mwaka wa 1581 katika kijiji cha Pouy, karibu na mji wa Dax, kusini-magharibi ya Ufaransa. Wazazi wake, Jean de Paul na Bertrande de Moras, walikuwa wakulima wenye watoto sita. Alipokuwa mdogo alichunga kondoo na nguruwe wa nyumbani. Baba yake alipoona kwamba mtoto ana akili, alimpeleka Dax kusoma kwa Wafransisko. Hata akauza maksai wake wawili apate kumlipia masomo.

Siku moja baba huyo alifika shuleni kumtazama mwanawe. Alikuwa akichechemea, na nguo zake zilikuwa za kimaskini. Vincent aliona haya mbele ya wenzake, akakataa kutoka na kuzungumza naye. Jambo hili halikuletwa na adui zake. Yeye mwenyewe, alipokuwa mzee mwenye sifa, alilisimulia kwa uchungu mbele ya watu. Tulishike vema, ndugu wapendwa, kwani latufundisha kwamba mtu huyu hakuzaliwa na moyo wa kuwapenda maskini. Aliupata baadaye, na kwa shida.

Alipewa upadri tarehe 23 Septemba 1600, akiwa na miaka 19 tu, ingawa kanuni ya Eklezya ilidai miaka 24. Wakati ule alitafuta hasa cheo chenye mapato, apate kuitegemeza jamaa yake. Alipofika Paris, alikaa katika chumba kimoja na hakimu wa nchi yake. Feza ya hakimu ikaibiwa, naye Vincent akashitakiwa mbele ya watu kuwa ndiye mwizi. Hakujitetea kwa maneno mengi, alimwachia Mungu. Miaka ikapita ndipo mwizi wa kweli akaungama. Hivyo padri kijana alionja kinywani mwake mkate ambao maskini huula kila siku: kuhesabiwa mwizi pasipo kosa, kwa sababu tu huna wa kukutetea.

Mwaka wa 1617

Mwaka wa 1612 aliwekwa paroko wa Clichy, kijiji kilichokuwa nje ya Paris, na mwaka wa 1613 akaingia katika nyumba ya ukoo mkubwa wa Gondi kuwa mwalimu wa watoto wao. Mwezi wa Januari 1617, akiwa katika mashamba ya ukoo huo, aliitwa kwa mkulima mmoja aliyekuwa karibu kufa. Watu wote walimhesabu mkulima huyo kuwa mtu mwema. Kumbe alikuwa ameficha makosa yake miaka mingi kwa kuona haya. Vincent akaona kwamba watu wa shamba wameachwa peke yao katika mambo ya roho. Kutoka hapo lilizaliwa wazo la Shirika la Misioni, aliloliunda mwaka wa 1625.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alikuwa paroko wa Châtillon. Jumapili moja, alipokuwa akijitayarisha kwa Misa, aliletewa habari kwamba nje ya mji kuna nyumba moja ambamo wote ni wagonjwa, wala hakuna hata mmoja wa kuwapa maji. Akawaombea msaada katika mahubiri. Alasiri, alipokwenda mwenyewe kuwaangalia, alikuta njia imejaa wanawake wanaokwenda na wanaorudi, wamechukua mikate, nyama na divai. Wengine walikuwa wamekaa chini ya miti kwa ajili ya joto kali.

Padri mwingine angaliridhika, akamshukuru Mungu na kurudi nyumbani. Vincent alifurahi, lakini aliona pia kosa lililokuwamo: chakula kingi kimefika siku moja, nusu yake kitaoza, na kesho wagonjwa watakuwa na njaa tena. Mapendo hayakukosekana, mpango ndio uliokosekana. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameunda Chama cha Mapendo, ambamo kila mama alikuwa na siku yake ya kupika na kuwahudumia wagonjwa. Kanuni ya chama ilieleza hata namna ya kumsalimu mgonjwa, kumtandikia kitambaa na kumkatia nyama. Tena iliagiza kuanza na wale wenye mtu wa kuwatunza, na kuwaweka mwisho wale walio peke yao, kusudi mhudumu apate kukaa nao muda mrefu zaidi.

Wapita njia wa Mâcon

Mwaka wa 1621 alipita katika mji wa Mâcon, akakuta njia zake zimejaa waombaji. Alipotangaza kwamba ataleta mpango, watu walimcheka na kumwonyesha kidole. Yeye hakujali. Majina ya maskini wa mji yaliandikwa, kila mmoja akawekewa fungu lake kwa siku iliyopangwa. Wapita njia wasio na makao walipewa mahali pa kulala usiku mmoja, na asubuhi walipewa feza kidogo ya safari. Wale walioona haya kuomba mbele ya watu walisaidiwa kwa siri katika ugonjwa. Kazi iliposimama imara, wakubwa wa mji walitaka kumfanyia heshima. Akaondoka kimya kimya.

Njia za mji kuwa monasteri

Mwaka wa 1632 alipokea nyumba kubwa ya Saint-Lazare, kando ya Paris, iliyojengwa zamani kwa ajili ya wakoma. Ikawa makao ya mapadri wake, na mlango wake ukajulikana na kila mwenye njaa.

Mabibi wakubwa wa Paris walitoa feza kwa moyo. Lakini wengi wao hawakuwa tayari kubeba chungu cha mchuzi hadi chumba cha mgonjwa, wakawatuma watumishi. Hapo Mungu alimleta Marguerite Naseau, msichana wa shamba, mchunga ng'ombe, aliyejifunza kusoma kwa kuwauliza wapita njia maana ya herufi. Alijitoa kufanya kazi ambayo mabibi hawakuiweza. Alikufa mwaka wa 1633, baada ya kumlaza mgonjwa wa tauni katika kitanda chake mwenyewe. Mwaka huo huo, tarehe 29 Novemba, mjane Louise de Marillac aliwakusanya nyumbani kwake wasichana wa kwanza walioitwa Mabinti wa Mapendo. Wakati ule watawa wanawake walikaa ndani ya kuta. Vincent aliwataka hawa wakae katika nyumba za wagonjwa, wasali katika kanisa la parokia, na watembee katika njia za mji kama wengine wanavyotembea katika monasteri.

Mwaka wa 1638 walianza kuwatunza watoto wachanga waliotupwa milangoni mwa makanisa na njiani. Feza haikutosha kwa wote; walichukua kwanza 12, waliochaguliwa kwa kura. Mwaka wa 1640 waliamua kuwapokea wote. Baadaye vita na ukosefu wa feza viliwachosha mabibi, wakataka kuiacha kazi. Vincent aliwakumbusha kwamba kuacha ni kuwahukumu watoto kufa, nao wakaendelea.

Wakati wa vita

Sisi wa upande huu wa Kongo hatuhitaji mwalimu wa kutueleza maana ya kukimbia usiku na mtoto mgongoni. Tusome basi habari hizi kama watu wanaozielewa. Vita vya miaka 30 viliharibu jimbo la Lorraine. Tangu mwaka wa 1639 Vincent alituma huko msaada, na bruda wake Mathieu Regnard alisafiri zaidi ya mara 50, amebeba zahabu katika mfuko wa kimaskini, akipita katikati ya askari na wanyang'anyi, wala hakuibiwa hata mara moja. Tena, kati ya 1648 na 1653, Wafaransa walipigana wao kwa wao, na watu wa mashamba wakakimbilia Paris. Katika mwaka wa 1652 mchuzi uligawiwa kila siku kwa maskini na wakimbizi karibu 15,000 wa mji ule. Wasichana wakimbizi walitafutiwa nyumba za kukaa, wasije wakapotea njiani.

Nyumba mbili

Tunafika sasa kwenye jambo lililomjaribu sana katika uzee wake. Mwaka wa 1653 mtu mmoja wa Paris, aliyetaka jina lake lisijulikane, alimpa livre 100,000 kwa kazi atakayoichagua. Vincent alifungua nyumba iliyoitwa Jina la Yezu, kwa ajili ya wazee 40 wasioweza tena kujilisha, wanaume 20 na wanawake 20. Walipewa vitanda, vyombo vya kufumia nguo na kazi kwa kadiri ya nguvu zao, pamoja na Misa na mafundisho. Watu waliokwenda kuitazama nyumba hiyo walishangaa kwa amani iliyokuwamo.

Mabibi wa Mapendo wakasema moyoni: tukiweza 40, mbona tusiwatie waombaji wote wa Paris katika nyumba moja kubwa? Malkia akatoa majengo ya Salpêtrière. Vincent aliwaomba waende polepole, waanze na wachache, tena wale tu wanaokuja kwa hiari yao, maana mwenye kuridhika atawavuta wengine. Ushauri wake haukufuatwa. Mwezi wa Aprili 1656 mfalme aliweka sheria ya Hospitali Kuu: kuomba njiani kukakatazwa, na tangu mwaka wa 1657 askari waliwakamata waombaji na kuwafungia humo. Sheria iliwataja mapadri wa Vincent kuwa wachungaji wa mahali hapo. Yeye alisali, akashauriana na wenzake, kisha akakataa, na kazi hiyo ikashikwa na wengine.

Ndugu wapendwa, tupime nyumba hizi mbili. Zote zilikuwa na paa na mkate. Katika ya kwanza maskini aliitwa, akaingia kwa miguu yake. Katika ya pili alifagiliwa njiani ili macho ya matajiri yapumzike. Hata leo, sikukuu inapokaribia, ni rahisi kwa mji, na hata kwa parokia, kuwaondoa wanaolala kwenye baraza na sokoni, na kuita jambo hilo usafi. Vincent hakupigana na mfalme, wala hakuacha kuwasaidia maskini. Lakini hakukubali kwamba kumficha maskini ni sawa na kumpenda.

Mwisho wake na urithi wake

Louise de Marillac alifariki tarehe 15 Machi 1660. Vincent, ambaye miguu yake ilikuwa imejaa vidonda na hakuweza tena kutembea, alimfuata tarehe 27 Septemba mwaka ule ule, akiwa ameketi kitini. Papa Klementi XII alimtangaza Mtakatifu mwaka wa 1737, na Papa Leo XIII alimweka kuwa msimamizi wa matendo ya mapendo mwaka wa 1885. Katika mwaka wa 1833 Frédéric Ozanam na vijana wenzake wa Paris waliunda chama chenye jina lake, cha kuwatembelea maskini nyumbani kwao. Yeye mwenyewe alikuwa ametuma wamisionari hadi Madagaska mwaka wa 1648. Na katika karne ya 20 wanawe, wanaume na wanawake, walifika pia Kongo.

Jubile yetu itapita, nyimbo zitanyamaza na wageni watarudi kwao. Usiku ule ule, chini ya ukuta wa kanisa, atalala mtu asiye na mkeka. Kijana aliyekataa kutoka kumlaki baba yake kwa ajili ya nguo chakavu, alijifunza kutoka kila siku kuwalaki wenye nguo chakavu mpaka kufa kwake. Nasi twaweza kujifunza: kuuliza jina lake, kupanga zamu za chungu na za kumtembelea, kuanza na wachache, na kuwaweka mwisho wale walio peke yao, ili tupate nafasi ya kukaa nao.

Mtakatifu Vincent de Paul, utuombee.