Mwanamke wa meli ya Calypso

Kila mwaka kaskazi inapovuma na maji ya Watamu, Diani na Wasini kuwa maangavu, huja wenzi wengi, wageni na wenyeji, wengine wakiwa katika fungate, wakafunga mitungi ya hewa mgongoni na kuzama kutazama matumbawe. Mwalimu huwasisitizia jambo moja kabla ya yote: kila mmoja amwangalie mwenzake na wasiachane. Wakitaka kujua ni nani aliyemwezesha binadamu kutembea hivyo baharini, hutajiwa jina la Jacques-Yves Cousteau. Mimi naona hesabu hiyo ina upungufu, na upungufu wenyewe ni mtu aliyekuwa ubavuni mwake.

Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji wa Saint-André-de-Cubzac, Ufaransa. Alijiunga na jeshi la majini akitumaini kuwa rubani, lakini ajali ya gari ikamvunja mikono na tumaini hilo likafa. Alipokuwa akiogelea huko Toulon ili viungo vyake vipate nguvu, rafiki yake Philippe Tailliez alimpa miwani ya kutazamia chini ya maji. Mnamo 1937 alimwoa Simone Melchior, binti wa ukoo wa mabaharia. Babake Simone, aliyekuwa admirali, alikuwa na cheo katika Air Liquide, kampuni iliyoshughulika na gesi za viwandani.

Ukwe huo ndio uliofungua mlango. Kupitia kwa mkwewe, Cousteau alikutanishwa mwaka 1942 na mhandisi wa kampuni hiyo, Émile Gagnan. Vita vilikuwa vimeleta uhaba wa petroli, na Gagnan alikuwa ametengeneza valvu ya kuyawezesha magari kutumia gesi. Wawili hao waliigeuza valvu hiyo impe mpiga mbizi hewa pale tu anapovuta pumzi, na kwa shinikizo linalolingana na la maji yaliyomzunguka. Jaribio la kwanza, katika mto Marne, halikuridhisha. Hewa haikuja sawasawa mwili ulipobadilisha mkao. Walirekebisha kasoro hiyo, na katika kiangazi cha 1943 Cousteau alizama kwenye bahari ya kusini mwa Ufaransa akapumua bila taabu, mkewe akielea juu yake na kumtazama kupitia miwani. Simone naye alivaa mtungi, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa duniani kuutumia.

Mwaka 1950 tajiri mmoja Mwingereza, Loel Guinness, alinunua meli kuukuu na kumkodishia Cousteau kwa faranga moja kwa mwaka. Ilikuwa imeundwa Marekani kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza, iondoe mabomu yaliyotegwa baharini, kisha ikafanywa feri huko Malta. Hiyo ndiyo Calypso. Lakini meli haiendi kwa jina. Simone aliuza vito vyake na makoti yake ya manyoya ili mafuta na vifaa vipatikane. Mumewe alipokuwa nchi kavu akitafuta wafadhili na kuhariri filamu, yeye alibaki melini, akiwatunza mabaharia na kuwapatanisha, nao wakampa lakabu ya Mchungaji. Kamera hakuzipenda, na nadhani hiyo ndiyo sababu tunamjua kidogo mno.

Mwaka 1955 Calypso ilifika katika bahari yetu hii ya Hindi, kwenye kisiwa cha Assumption huko Ushelisheli. Filamu iliyotokana na safari hizo ilipata tuzo kuu ya Cannes mnamo 1956 na kuwavutia watu wengi baharini. Sehemu yake inayopendwa sana ni ile ya chewa mmoja aliyewazoea wapiga mbizi wa Assumption kama paka wa nyumbani. Ila filamu hiyo hiyo inawaonyesha mabaharia wakilipua matumbawe kwa baruti, wakipanda juu ya kobe, na kuwaua kwa hasira papa waliokuja kumla mtoto wa nyangumi, ilhali nyangumi huyo alikuwa amejeruhiwa na meli yenyewe. Sisi watu wa pwani hii tunajua vyema baruti inavyoyafanya matumbawe, na sioni kwa nini sifa za Cousteau zitufumbe macho.

Haki nyingine yamstahili pia. Mwaka 1960 alipinga hadharani mpango wa kutupa taka za nyuklia katika bahari ya Mediterania, na mpango huo ukasimamishwa. Mnamo 1973 aliunda chama cha kutetea bahari, na uzeeni alikusanya sahihi za watu wengi kuzuia uchimbaji wa madini Antaktika, uchimbaji uliopigwa marufuku kwa itifaki ya 1991. Aliyelipua matumbawe alikuja kuwa wakili wao, na kwangu badiliko hilo lina uzito kuliko tuzo zake zote.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri hivyo. Mwaka 1979 mwana wao Philippe aliuawa katika ajali ya ndege ya majini huko Ureno. Katika miaka iliyofuata Cousteau alizaa watoto wawili na Francine Triplet, Simone akiwa bado mkewe. Simone alifariki kwa saratani mnamo Desemba 1990, na mwaka uliofuata Cousteau akamwoa Francine. Sisemi haya kwa kupenda umbea. Ni kwamba mwanamke aliyeuza mapambo yake ili meli iondoke bandarini alikuwa na haki ya kutarajia zaidi.

Mnamo Januari 1996 Calypso iligongwa na tishari huko Singapore ikazama. Cousteau mwenyewe alifariki tarehe 25 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 87, akazikwa katika kaburi la ukoo wake huko Saint-André-de-Cubzac. Majivu ya Simone yalikuwa yamekwisha kumwagwa baharini.