Ole Evinrude: Fundi Aliyewapumzisha Wapiga Makasia

Wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Leo, msomaji mpenzi, napenda kukusimulia habari za mtu ambaye jina lake lilifika bandari nyingi za dunia, na wengi walioliona juu ya mashine za boti walidhani ni jina la kiwanda tu. Mtu huyo ni marehemu Ole Evinrude. Habari yake imenigusa kwa kuwa nina boti ya faiba ya zamani, nami naitafutia mashine.

Ole alizaliwa Norwei tarehe 19 Aprili, 1877. Angali mtoto mdogo, wazazi wake walihamia Marekani wakawa wakulima katika jimbo la Wisconsin. Shule hakusoma sana. Moyo wake ulikuwa kwenye vyuma. Alipofika miaka 16 alikwenda mji wa Madison kufanya kazi ya mashine, kisha akazunguka viwanda vya Pittsburgh na Chicago, hata mwisho akatua Milwaukee.

Husimuliwa kwamba siku moja ya joto kali alikwenda kutembea ziwani pamoja na Bess Cary, ambaye ndiye aliyekuja kuwa mkewe. Bess alitamani aisikrimu. Ole akapiga makasia hadi ng'ambo kuinunua, na aliporudi ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Hapo ndipo alipoanza kufikiri juu ya mashine ya kufungwa nyuma ya mashua.

Hakuwa wa kwanza. Cameron Waterman wa Detroit alikuwa ameshauza mashine ya namna hiyo kabla yake. Lakini ile ya Ole, aliyoijaribu mwaka wa 1909, ndiyo iliyopendwa na watu. Ilikuwa na nguvu za farasi mmoja na nusu, na uzito wa ratili 62, yaani kama kilo 28. Bess alishika hesabu na barua, akaandika matangazo ya kuwahimiza watu watupe makasia yao. Biashara ikanawiri.

Kisha Bess akaugua. Mwaka wa 1914 Ole alimwuzia mshirika wake sehemu yake yote, akafungwa na ahadi ya kutofanya biashara hiyo kwa miaka mitano. Hakuhesabu mali kuwa bora kuliko afya ya mkewe. Hata hivyo fikira hazikulala. Alibuni mashine mpya ya alumini, yenye nguvu za farasi watatu, iliyokuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza. Yaani nguvu maradufu, na mzigo umepungua! Akampelekea mshirika wake wa zamani, naye akaikataa. Basi Ole na Bess wakaanza upya, wakaiita Elto, na ile kampuni ya zamani ikaona taabu kushindana nayo. Mwaka wa 1929 kampuni hizo mbili ziliunganishwa na nyingine moja, na Ole akawa mkuu wake. Bess alifariki mwaka wa 1933, naye Ole akamfuata Julai 1934. Jina lake liliendelea kupigwa juu ya mashine hadi mwaka wa 2020, zilipoacha kutengenezwa.

Funzo ninaloliona ni hili: fundi huyu alipima uzito kabla ya kujisifu kwa nguvu. Sisi tukienda dukani twauliza farasi wangapi, nayo boti kuukuu haiulizwi kitu. Ubao wa tezi, pale inapofungwa mashine, mara nyingi ni mbao iliyofunikwa faiba, na maji yakipenya huoza ndani kwa ndani huku nje kunang'aa. Ugonge kwa nyundo ndogo. Ukisikia sauti nzito iliyokufa, utengeneze kwanza. Pima pia kimo chake: ubao wa inchi 15 wataka mashine ya shingo fupi, wa inchi 20 wataka ndefu. Tena kumbuka kwamba mashine za kisasa zisizochanganyiwa oili kwenye petroli, kwa nguvu zile zile, kwa kawaida ni nzito kuliko zile ambazo boti za zamani ziliundiwa.

Mimi nimekwisha kukata shauri. Nitachukua ndogo inayobebeka, tezi isizame na watoto wafike salama. Mwenye haraka na atangulie. Bahari haimkimbii mtu.